Vichwa Thelathini na Kimoja vya Kamuhiri

Saa kumi na moja na nusu asubuhi, fahali mwekundu amelala sakafuni, tumbo wazi, na wachinjaji watano wamesimama na visu mkononi. Wanamsubiri mzee mfupi aliyevaa buti za mpira, moja nyeusi, moja ya kijani. Mzee hana haraka. Anaingiza mkono wa kushoto tumboni mpaka kiwiko, anafumba macho, anapapasa.

Anatafuta bandama. Akiikuta nyembamba na imekaza, mji wa Bunia utakula nyama leo. Akiikuta imevimba na kulegea, damu yake nyeusi kama lami, fahali huyu hataliwa na mtu wala mbwa, na mwenye fahali atalia mbele za watu.

"Iko muzuri," anasema, na kuutoa mkono. "Mukate."

Visu vinashuka, na mazungumzo yaliyokatika yanaendelea pale yalipoishia.

Anaitwa Vital Mugisa, ana miaka hamsini na saba. Hapa machinjioni wote wanamwita Docta. Si daktari, ni muuguzi wa mifugo, na alichoka kuwasahihisha watu tangu mwaka 1989. Ukimuuliza mshahara wa serikali, anacheka kwa pua. "Iko mu papier," anasema, yaani kwenye karatasi, "na papier haijajua kutembea." Anaishi kwa kipande cha nyama anachokatiwa na wachinjaji na kwa shamba la mihogo la mke wake.

Kila Jumamosi, kazi ikiisha, hunawa mikono mara tatu kwa sabuni, hupanda baiskeli na kwenda kilomita kumi na moja kwenye njia ya Bogoro, hadi kilima kiitwacho Kamuhiri. Huko huzunguka kipande cha ardhi ambacho si chake, akitazama kama kuna mtu aliyekigusa. Kisha hurudi nyumbani. Amefanya hivyo kwa miaka minane, vita vikipungua na kurudi na kupungua tena, na hakuna aliyemtuma.

Leo, Jumamosi ya pili ya Julai 2010, baiskeli yake imebeba jembe, koleo, kopo la rangi nyeusi na kibao kilichorandwa ambacho hakijaandikwa kitu. Na leo haelekei Kamuhiri.

Anachokitafuta Vital ndani ya bandama hakionekani kwa macho. Ni bakteria wa kimeta. Ndani ya mzoga usiopasuliwa, bakteria huyu ni dhaifu, huoza pamoja na nyama. Lakini mzoga ukipasuliwa na damu ikaonja hewa, hujivika ganda gumu, akaingia udongoni na kukaa. Hukaa miaka kumi, ishirini, hamsini. Jua halimmalizi, mvua ndiyo kwanza inampandisha juu. Humo husubiri ulimi wa ng'ombe anayekula majani mafupi, au jembe la mtu.

Shuleni Vital alifundishwa ugonjwa huo kwa jina la Kifaransa, charbon. Kwa bahati mbaya, Bunia charbon ni makala, yaani makaa ya kupikia. Zamani, alipowaonya watu wa kijiji kimoja kwamba mahali fulani pamezikwa charbon, wawili walifika kesho yake na magunia. Anaisimulia hadithi hiyo akicheka, lakini kicheko chake hakifiki mbali, kwa sababu inayofuata haichekeshi.

Machi 2002, ng'ombe walianza kuanguka Kamuhiri. Asubuhi wanne, jioni saba, damu ikiwatoka puani. Risasi zilisikika bondeni, na ofisi ya mifugo ilikuwa imebaki na watu wawili, Vital na daftari. Alikwenda kwa miguu. Wafugaji walimsaidia kuchimba shimo moja kubwa, wakawavuta ng'ombe kwa kamba bila kuwapasua, wakamwaga chokaa kama alivyofundishwa, wakafukia.

Alirudi ofisini akaandika kwa Kifaransa cha ofisi: *Fosse commune*, yaani shimo la pamoja. Kilima cha Kamuhiri. Vichwa thelathini na kimoja. Chokaa mifuko sita. Ni marufuku kufungua. Akatia tarehe, 14 Machi 2002, na sahihi yake.

Ng'ombe huhesabiwa kwa vichwa. Kila mfugaji anajua hivyo, kila karani wa mifugo anajua hivyo, na Vital hakuona sababu ya kuandika neno ng'ombe katika daftari la ng'ombe.

Mwaka uliofuata ofisi iliporwa. Waporaji walibeba viti, mabati, hata mlango. Daftari halikuwa na faida kwa mwenye bunduki, likaishia sokoni, kwa wanawake wanaofunga karanga kwa karatasi.

Hapo ndipo anapoingia Micheline Lotsove, ambaye majirani humwita Mama Clarisse kwa jina la binti yake. Ana miaka arobaini na minne. Alikimbia kutoka kwao Djugu na familia yake vita vilipoanza, na mpaka leo anauza sombe, majani ya mihogo, sokoni Bunia. Mumewe, Osée Ngabu, alitoka nyumbani tarehe 12 Machi 2002 kwenda ziwani kuchukua samaki wa chumvi. Njia ya ziwani ni ile ile ya Bogoro. Hakurudi, wala hakuna aliyeleta kofia yake.

Siku moja ya mwaka 2007, Micheline alinunua karanga. Alisoma mpaka mwaka wa sita wa shule ya msingi, na tangu hapo husoma kila karatasi inayopita mikononi mwake.

"Nilikuwa niko nakula," anasema. "Nikaona *fosse commune*. Ile neno, mu Bunia, hata mutoto mudogo anaijua: ni kaburi ya batu bengi. Nikaona vichwa trente et un. Nikaona mwezi ya tatu, deux mille deux. Karanga ikabakia mu kinywa. Sikumeza, sikutema."

Alikwenda nyumba kwa nyumba na karatasi yake yenye mafuta. Familia zilizopoteza watu kwenye njia ile zilikusanyika, zikaandika majina. Yalitimia ishirini na saba. Wahenga walisema mtafutaji hachoki, akichoka keshapata, na hawa walipata kabla hawajachoka: wakaongeza wanne kutoka vijiji vingine, wakafika thelathini na mmoja. Mmoja wa hao wanne alionekana baadaye Ariwara, mzima wa afya, anauza masufuria. Walimfuta, wakatafuta mwingine.

Kilichobaki ni sahihi. Mugisa ni jina la wafugaji, nao ni wakulima, na katika miaka ile ya vita kati ya pande hizo jina tu lilitosha kumpeleka mtu kaburini, likiwa la huku au la kule. Haikuwachukua muda kujua Mugisa huyu anafanya kazi wapi.

Walifika machinjioni asubuhi ya Novemba, wanawake kumi na wawili. Vital aliitwa, akatoka kama alivyokuwa, mikono imejaa damu mpaka viwikoni. Nimejaribu kufikiria mwanzo mbaya zaidi wa mazungumzo kama hayo, nimeshindwa.

"Weye njo Mugisa?" Micheline aliuliza.

"Njo mimi, mama."

"Ile trente et un ya Kamuhiri, weye njo uliwazika?"

Vital aliwatazama, akaona kanga zilizochakaa na nyuso zenye hasira. Akadhani ni wake wa wafugaji wamekuja kudai fidia ya ng'ombe wao.

"Ndiyo, mama. Niliwazika mimi mwenyewe."

"Walikufa namna gani?"

"Walianguka tu, moja moja. Damu ilitoka mu pua. Tuliwavuta na kamba mpaka mu shimo, tukatupa chokaa juu. Hata moja haikubakia."

Anasema alijisikia vizuri kidogo, kama mtu anayetoa ripoti ambayo kwa miaka mitano hakuna aliyeiuliza. Micheline alisogea karibu, sauti yake ikashuka.

"Na bwana yangu Osée, alilia?"

Hapo ndipo Vital alipoelewa. "Mama! Mama, ile ilikuwa ngombe!" Lakini mtu akishakiri, ukweli wake hauna wa kuununua. Kapu la sombe lilimpata usoni, na wachinjaji ndio waliomwokoa.

Kwa muda wa miezi minane alijaribu. Alituma mchungaji, akatuma chifu. Alieleza habari za bakteria, za ganda, za udongo. Kila neno lilimfunga zaidi. Kwa nini asitake shimo lifunguliwe, kama hana la kuficha?

Julai 2008, vijana wa familia hizo walipanda Kamuhiri na majembe. Aliyewaongoza alikuwa Constant, mdogo wake Osée, mwenye miaka ishirini na sita. Siku ya kwanza walipata ubavu, na ulikuwa mkubwa mno. Siku ya pili walipata pembe. Wangeishia hapo, lakini mmoja wao alisema jambo ambalo watu waliokwisha kudanganywa sana huliamini upesi: waliweka ngombe juu ili kuficha batu chini. Wakaendelea kuchimba.

Constant alijaza mifupa kwenye gunia la unga, akalibeba begani, gunia likimsugua shingo njia nzima. Nyumbani Clarisse, binti wa Osée, aliyekuwa na miaka kumi na tano, aliosha kila mfupa kwenye beseni kwa maji ya moto na sabuni, maana huenda katika ile mikubwa kulikuwa na mdogo wa baba yake.

Siku ya tatu Constant aliota kipele shingoni. Siku ya nne kikawa kidonda cheusi katikati kama kaa la moto lililozimika. Hakikumuuma, na kwa sababu hakikumuuma hakuna aliyekishughulikia. Kisha shingo ikavimba hadi kidevu kikapotea.

Vital alisikia habari hiyo sokoni. Alimchukua muuguzi wa kituo cha afya, wakaenda na sindano ya penisilini. Constant alikuwa amelala mkekani, sauti yake imekwisha nusu.

"Piqûre ya ule mutu?" alisema. "Alimaliza kaka yangu. Sasa anataka mimi."

"Constant, mutoto yangu, kidonda hii najua. Inauwa," Vital alimwambia.

"Ndiyo. Unajua kuuwa."

Vijana wenzake waliwatoa nje. Vital na muuguzi walikaa barabarani mpaka jioni, dawa kwenye mfuko, wakisubiri kuitwa. Hawakuitwa. Constant alikufa siku ya saba, pumzi ikiwa haipiti. Ilikuwa dawa ya kawaida kabisa, iliyomo katika kila kituo cha afya, na ilikuwa hatua thelathini kutoka mkekani. Hilo linamkera Vital kuliko yote, na linamkera pia mwandishi wa habari hizi.

Siku mbili baada ya mazishi, Micheline alifika machinjioni peke yake. Hakusalimia.

"Clarisse iko na kidonda ku mukono," alisema. "Nyeusi. Haimuumi."

Vital hakumaliza hata kunawa. Alimpakia msichana kwenye baiskeli, akamfikisha kituoni, akamwambia muuguzi ugonjwa ni gani kabla hajauliza. Dawa iliendelea siku kumi, na siku zote kumi mzee alikaa kwenye benchi la nje kila alipotoka kazini. Micheline alikaa mwisho mwingine wa benchi lile lile. Clarisse alipona. Ana kovu kwenye kifundo cha mkono, pana kama kizibo cha soda.

Mtu angetarajia kwamba baada ya hapo Micheline angemshukuru. Huyo mtu hajawahi kutafuta maiti.

"Batu banasema Papa Vital aliokoa mutoto yangu. Ni kweli, siwezi kukatala," anasema, akichambua sombe bila kuinua macho. "Lakini alininyang'anya kaburi. Mwaka muzima nilikuwa na pahali pa kulia. Nilikuwa napanda kule na maua, naongea na Osée, namwambia mutoto amepita darasa. Kumbe niko naongea na ngombe. Sasa nilie wapi?"

Vital anapoambiwa maneno hayo, anaitikia kwa kichwa. Anayajua. Ameyasikia kutoka kinywani mwa Micheline mwenyewe.

Mifupa ilirudishwa shimoni, na Vital aliweka uzio wa waya. Ulidumu wiki mbili. Akapanga mawe, yakawa msingi wa nyumba ya mtu. Akasimamisha ubao wa onyo, ukageuka kuni za kupikia maharage. Wakati huohuo aligundua jambo lingine: katika semina moja aliambiwa kwamba chokaa haishauriwi tena, maana inaweza kumsaidia bakteria kuishi udongoni badala ya kummaliza. "Mifuko sita," anasema. "Nilibeba moja mimi mwenyewe, ku mugongo."

Na sasa kuna amani, au kitu kinachofanana nayo. Wakati wa vita hakuna aliyelima Kamuhiri. Leo watu wanarudi, kila anayerudi anataka kiwanja, na nyasi juu ya shimo ni nzuri kuliko zote za kilima. Mwaka huu peke yake Vital amewazuia wanne, wawili wakiwa na ng'ombe, wawili na majembe. Wakubwa aliowaendea walimwambia alete mradi.

"Mimi nitakufa," anasema. "Ile mikrobe haifi. Nani atabakia anajua pahali? Na mimi nikisema, batu banaangalia jina yangu kwanza. Mama Clarisse akisema, bananyamaza. Yeye njo alizika Constant."

Machi mwaka huu alimwendea Micheline kumwomba awe mlinzi wa shimo pamoja naye, na baada yake. Alimkatalia. Aprili akarudi, akamkatalia. Mara ya tatu mama huyo alimwuliza swali.

"Weye uko na wako, mwenye haukuona tena?"

"Niko na dada. Deux mille trois, mwaka walipora ofisi yetu."

"Ulimuzika?"

"Hapana, mama."

Micheline alimaliza fungu lake la sombe. Kisha akataja sharti lake. Matanga ya Osée hayajaisha, kwa sababu hakuna kilichozikwa. Mjomba wake, mzee asiyeshika tena jembe, amesema mtu aliyepotea anaweza kuzikwa kwa shina la mgomba, na kilio kikafungwa. Lakini wanaume wa nyumba yake wamekufa au wamepotea, na majirani wanaona aibu kuchimbia mgomba kaburi.

"Weye uko fundi ya kuchimba shimo," alimwambia. "Kuja uchimbe."

Ndiyo maana leo baiskeli ya Vital inasimama nyuma ya nyumba ya udongo pembeni mwa Bunia. Wapo Micheline, Clarisse, mjomba yule na wanawake watatu wa sokoni. Mgomba umelala kivulini, umefungwa ndani ya shati la Osée lenye vifungo viwili.

Vital anachimba. Udongo wa juu ni mweusi, wa chini mwekundu. Shimo linapofika magotini Micheline anasema yatosha, ni mgomba tu.

Vital hatui jembe. "Ngombe niliwachimbia mita mbili na nusu," anasema kutoka chini. "Osée nimuchimbie magoti?"

Anachimba mpaka kifuani, jasho likimtiririka, akipumzika mara nyingi kwa sababu si kijana. Shina linashushwa kwa kanga mbili. Micheline anapiga magoti ukingoni, anachungulia ndani, kisha anainuka na kuufungua mfuko wa Vital ulioning'inia kwenye baiskeli.

"Chokaa hakuna?"

"Hakuna, mama. Angalia."

Anaangalia mpaka chini ya mfuko. Anachukua udongo, anatupa wa kwanza, na hapo ndipo analia, kilio cha sauti, cha miaka minane, na wanawake wa sokoni wanampokea. Clarisse anafukia kwa mikono, kovu lake likipotea na kuonekana ndani ya udongo.

Baadaye Vital anafungua kopo la rangi na kuweka kibao magotini. Mkono wa karani haujasahau: anaandika jina, *Osée Ngabu*, anaandika tarehe, kisha brashi inasimama pale ambapo daftarini hufuata idadi.

Micheline amesimama nyuma yake, anasoma kila herufi.

"Hapana kuandika kichwa," anasema. "Andika mutu."

Anaandika: *mutu moja*. Micheline anakipokea kibao, anakikazia udongo kwa kisigino, anakisukuma kuona kama kinayumba. Hakiyumbi. Anapangusa mikono kwenye kanga yake.

"Jumamosi ingine unapanda Kamuhiri saa ngapi?"

"Saa tatu, nikimaliza kazi ku abattoir."

"Unipitie hapa. Rangi ilibakia?"

Vital anainamisha kopo kumwonyesha. Ipo nusu.

"Basi kule andika ngombe," anasema Micheline. "Andika kubwa."